Mzee Hungaria wa Pito

Pito, Sumbawanga
8 Septemba 2024

Mjukuu wangu Bertilla,

Kuna jambo nimelificha kwa miaka hamsini na tisa, na barua hii naiandika ili nilitoe. Linahusu Hungaria. Sasa kwa kuwa nimeshaandika hivyo kwa wino na siwezi kukurudisha usiwe umesoma, ngoja kwanza nikusalimu kama mtu aliyelelewa.

Hujambo, mchumba wangu? Umefika salama huko Debrecen, Hungaria? Sisi wazima. Baba yako Vitus bado anajenga banda la nguruwe, mwaka wa nne huu, na nguruwe wenyewe wameshakata tamaa. Mdogo wako Jovina anaendelea na mafunzo yake ya ushonaji. Amenishonea suruali ambayo mguu mmoja ni mrefu, na ameniambia nisimame vizuri.

Mimi nilipelekwa kwa daktari. Alinisikiliza kifua kwa muda mrefu mno kwa mtu asiye na habari mbaya. Akasema, "Mzee, moyo umechoka." Nikamwambia umefanya kazi bila likizo tangu mwaka 1943, una haki. Yeye hakucheka, baba yako hakucheka, nikacheka peke yangu mpaka wakanipa maji. Kesho yake Vitus akaenda kwa fundi mjini kuagiza kibao cha marumaru cha kaburi langu. Alinionyesha picha kwenye simu kama mtu anayeonyesha mlango mpya: MWALIMU ZENON, ALISOMA HUNGARIA 1965–1968. Aliniuliza kama herufi zinasomeka. Nikasema zinasomeka sana.

Utauliza kwa nini nisikupigie simu. Ile simu ya Jovina naipenda kwa picha. Lakini masikio yangu unayajua: lazima iwekwe sauti ya mwisho, na kila ninachosema nasikika mpaka kwa jirani wa tatu. Jambo la kuficha halisemwi kwa chombo cha namna hiyo. Barua inakaa kimya mpaka ifunguliwe.

Sasa yale mawaidha niliyokupa siku unaondoka nayarudia, maana ulikuwa unalia na sidhani ulisikia. Kwa watu wa kule chini, vua viatu mlangoni, hata wakikwambia usivue. Asubuhi usimwulize mtu anakwenda wapi wala atarudi na nini, hawapendi. Ukipewa samaki, mgeni hupewa kichwa, nawe ukile chote, macho pia, ukiyaacha umemtukana mwenye nyumba. Na kuoga, oga mapema kabla mitumbwi haijarudi.

Hayo yamenisaidia miaka mitatu, nawe yatakusaidia.

Basi, lile jambo. Vitus amewasha pikipiki uani na anapiga honi, anawahi posta kabla hawajafunga. Nitaliandika kwenye barua ijayo, ambapo nitaanza nalo.

Babu yako anayekuota ukiwa na koti zito,
Zenon


Debrecen
19 Oktoba 2024

Babu, shikamoo sana. Shikamoo mara ya pili kwa ajili ya moyo.

Barua yako imenikuta mzima. Nimeisoma mara nne, mara mbili nikiwa nimesimama. Mwambie Jovina akushonee kaptula, miguu haitatofautiana sana. Na wewe usiniletee habari za marumaru. Moyo ukichoka unapumzishwa, haujengewi.

Babu, niliyoyafanya hapa ungeyaona ungenikana. Wiki ya kwanza nilikuwa napanda ngazi za idara yetu ya mbegu, nikakutana na Profesa Molnar, ana mvi kama zako. Magoti yangu hayakuniuliza. Nikachutama palepale ngazini, nikapiga makofi taratibu kama tunavyomwamkia mkubwa nyumbani. Yule mzee akasimama. Akageuka nyuma kuona nani anashangiliwa. Hakukuwa na mtu. Basi akainama kama mwimbaji aliyemaliza wimbo, akaniuliza, "Kwa sababu gani?"

Nikamjibu, "Kwa sababu ni asubuhi, Profesa."

Kesho yake akaja amevaa tai. Ildiko, msichana ninayekaa naye chumba kimoja, anasema kwa miaka yote aliyosoma hapa hakuna aliyewahi kumwona yule mzee akitabasamu kabla ya saa nne. Sasa maabara nzima wanampigia makofi akiingia, wengine kwa utani, mimi kwa heshima, naye anainama kwa wote. Juzi alikuja mgeni kutoka wizarani, wakampigia pia. Mgeni akatoa hotuba ambayo hakuwa ameiandaa.

Lakini kwenye tramu nilishindwa. Niliingia nikasalimia behewa zima. Watu thelathini wakainamia simu zao kama nimetangaza msiba. Aliitika bibi mmoja tu, mwenye kapu la vitunguu. Siku hizi kila Jumanne ananitafuta kwa macho.

Viatu ulisema kweli, wanavua wote. Na lile la kutouliza mtu anakwenda wapi, Ildiko ananipenda kwa hilo. Anasema mimi ndiye mtu wa kwanza kuishi naye asiyemchunguza. Ila Babu, "kabla mitumbwi haijarudi" sijaelewa. Debrecen ni tambarare tupu, hakuna ziwa. Mitumbwi gani? Na kwa nini unasema "kule chini"? Mimi nilikuja kwa kupaa. Nilimsalimia pia mwenye duka "Jo napoti", siku njema, kama ulivyotufundisha sote pale Pito, akaniletea mkate. Kumbe inatamkwa tofauti kabisa. Labda zamani walitamka kama wewe.

Halafu nina habari itakayokufurahisha. Hapa kila darasa linapomaliza, wanafunzi wanapigwa picha mmoja mmoja, zote zinatiwa kwenye fremu moja kubwa yenye majina, inatundikwa ukutani milele. Jengo la zamani limejaa fremu hizo. Nitaitafuta ya mwaka 1968, nikupige picha ukiwa kijana, tumfunge mdomo kila mtu pale kijiweni. Namkumbuka marehemu Bibi alivyokuwa akipatwa na kikohozi kila ulipoanza hadithi za Hungaria, anatoka na khanga mdomoni. Angefurahi kuiona.

Masomo ni masomo, tuliache hilo. Ule ulezi wa Pito niliokuja nao kwa ajili ya utafiti umeota.

Na lile jambo? Uliahidi utaanza nalo.

Mkeo wa huku baridini,
Bertilla


Pito
30 Novemba 2024

Bertilla,

Marahaba, na marahaba ya pili.

USIENDE UKUTANI.

Nimeanza hivyo ili hata barua ikilowa, hilo lisalimike. Mvua zimeanza, Vitus amepanda mahindi, na banda la nguruwe limepata paa upande mmoja, ule ambao mvua haipigi. Jovina hajambo. Kibao cha marumaru kimefika, ni kizito, walikibeba watu watatu. Tumekiegemeza sebuleni, kisha Jovina akagundua kimenyooka vizuri, akakilaza juu ya meza, na sasa anapigia pasi nguo za wateja juu yake. Kila nikitaka kunywa uji wangu nasoma ALISOMA HUNGARIA chini ya mvuke. Watoto wanaopita dirishani wananiita kama kawaida, "Shikamoo Mzee Hungaria!" Nami naitika. Miaka yote hii nimeitika.

Kuhusu mitumbwi: palikuwa na mto. Nadhani wameufukia. Serikali hufukia mito.

Kuhusu ukuta: ngazi za majengo yale ni mbovu sana, utavunjika. Halafu siku ya kupiga picha niliumwa jino, shavu likavimba, hutanitambua. Halafu nasikia walibomoa.

Nimeyasoma tena maneno hayo hapo juu. Nilipokuwa mwalimu mkuu, mtoto aliyekuja na sababu moja ya kuchelewa nilimwamini. Aliyekuja na tatu nilimpa ufagio. Basi jihesabie mwenyewe.

Nimecheka habari za profesa mpaka Jovina akakimbia na kopo la dawa. "Kwa sababu ni asubuhi!" Nilimsimulia Vitus, naye akawasimulia watu kanisani, na Jumapili katekista alipopanda kusoma matangazo, kundi la vijana wakampigia makofi. Hakuinama. Hana elimu ya huko.

Sasa, umeandika: "Masomo ni masomo, tuliache hilo." Mchumba wangu, nimefundisha miaka thelathini na sita. Sentensi hiyo naijua inakokaa. Mtoto anayeendelea vizuri huwa halitaji somo kwa kuliruka. Kuna nini?

Lile jambo langu nilikusudia kulianza leo. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Nimeandika mstari mmoja nikaukata, ndiyo maana ukurasa huu umepunguka kipande hapo chini, usidhani ni panya. Mkono umechoka, na safari hii ni kweli.

Usiende.

Zenon


Debrecen
28 Desemba 2024

Babu, shikamoo.

Barua yako bado haijafika, naandika bila zamu. Krismasi njema iliyopita. Mwaka huu nani alichinja? Jovina aliimba? Nimesikia sauti yenu kwenye simu lakini wote mlikuwa mnaongea pamoja, nilichosikia vizuri ni mbuzi.

Ildiko alinichukua kwao, kijiji kilicho kando ya mto unaoitwa Tisza. Usiku wa Noeli wanakula mchuzi wa samaki, mwekundu kwa pilipili, na vichwa vimo. Baba yake, mzee mnene mwenye masharubu, akaninyanyulia kichwa akaniwekea sahanini, wote wakitabasamu wakisubiri nipige kelele. Babu, nilikusikia kama umekaa pembeni yangu. Nikala mashavu. Nikala ulimi. Nikafyonza jicho la kwanza, nikafyonza la pili, nikalaza mifupa kwa mpangilio.

Meza nzima wakaweka vijiko chini. Kisha yule mzee akapiga meza kwa kiganja, akamwambia mkewe kitu, akafuta machozi. Ildiko akanitafsiria: "Anasema ana mabinti wanne, hakuna hata mmoja aliyewahi. Anauliza nani alikufundisha."

Nikasema, "Babu yangu. Alisoma hapahapa Debrecen miaka mitatu."

Wakasimama wote, Babu. Wakanyanyua glasi, wakasema, "Zenon!" Mzee akaimba. Mbwa akaimba. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Halafu kwenye treni ya kurudi nikalia njia nzima.

Mmeniuliza mara nyingi kwa simu nikasema poa. Si poa. Mtihani wa takwimu umenishinda. Kwa wiki tatu kabla ya Noeli sikuingia darasani, nilikuwa nalala mchana, na huku mchana wenyewe unaisha saa kumi. Si kwamba watu ni wabaya. Ila unaweza kutoka asubuhi ukarudi jioni hakuna aliyekuuliza umeamkaje, na mimi nimelelewa Pito, bila kuulizwa nimeamkaje sijui kama nimeamka. Makofi ya profesa yameshakuwa mzaha tu. Wananipigia hata mimi, wanapita.

Nimekata tiketi. Tarehe 23 Februari. Usimwambie Baba. Sijui nitamwangaliaje, parokia nzima ilinichangia sala na kuku. Nimefikiria nishukie Dar nikae kwanza kwa rafiki, niseme bado niko huku, mpaka nipate la kusema.

Fremu ya 1968 sijaenda kuitazama. Naona haya. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili, bila simu, bila mtu wa kwenu, ukavumilia mitatu. Mimi miezi mitatu imenichosha. Sitaki unitazame kutoka ukutani.

Bertilla


Debrecen
9 Januari 2025
(kadi)

Babu, shikamoo.

Barua yako ya Novemba imefika jana. Ulisema nisiende ukutani, kwa hiyo leo nimekwenda.

Ngazi ni nzima. Hawajabomoa. Fremu ya 1968 iko ghorofa ya pili, ina watu arobaini na mmoja, na Mwafrika mmoja. Chini yake pameandikwa Polikarp, yule rafiki yako wa Morogoro. Wewe hupo. Hata mwenye shavu lililovimba hayupo. Nimetazama na fremu za 1967 na 1969.

Sijamwambia mtu. Sijakasirika, Babu. Nimekaa pale kwenye ngazi, na unajua nilichohisi? Nilihisi kama mtu amenisalimia.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Kama ulirudi kabla ya wakati, niambie ulirudi mwezi wa ngapi, ili nijue kama nimekuzidi au bado.

B.


Pito
12 Februari 2025

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo, Bertilla,

Barua yako ya Desemba na kadi ya Januari zimefika pamoja leo asubuhi. Posta haijui utamu wa hadithi. Sisi wazima, mahindi yanafika kifuani, nguruwe wamehamia. Salamu zimeisha.

Leo ni tarehe kumi na mbili, na ndege yako ni ya ishirini na tatu. Barua haitakuwahi. Kwa hiyo nafanya jambo ambalo kwa miezi mitano nimelikwepa: kila ukurasa ninaoumaliza Jovina anaupiga picha na simu yake anakutumia. Nimemwambia, "Piga picha, usisome." Amesema hasomi. Ukurasa wa kwanza ameupiga picha kwa dakika kumi na mbili.

Basi nyumba nzima itajua. Na ijue.

Ukuta umesema kweli. Zile barua za Hungaria zilizosomwa kanisani Pito kwa miaka mitatu, zenye stempu za kigeni, ambazo mama yangu alizitunza ndani ya kitambaa cha altare, niliziandika Kirando.

(Jovina: "Babu, Kirando hii hii?" Nimemwambia Kirando hii hii. "Ya dagaa?" Ya dagaa. Amekaa chini.)

Niliziandika ufukoni, juu ya kreti. Nilizitia ndani ya bahasha nikamtumia Polikarp Debrecen, naye akazitia ndani ya bahasha nyingine yenye stempu ya kwao, akazirudisha Pito. Barua ilizunguka nusu ya dunia ili ifike mahali ambapo lori la samaki lilifika kwa siku moja. Polikarp alikuwa akinitumia habari za theluji na tramu na maneno mawili matatu ya kusalimia, mimi nayasoma kwa macho tu, sijawahi kuyasikia, ndiyo sababu uliletewa mkate. Alimaliza masomo, akarudi, akafanya kazi Morogoro mpaka alipofariki, hakunitangaza.

Kwa hiyo sasa unaijua mitumbwi. Mimi ni mtu wa juu, wa baridi, wa ulezi. Kule chini, Ziwa Tanganyika, nilikuwa mgeni kuliko wewe hapo. Kichwa cha samaki nilikitapika mara mbili kabla sijakiweza. Nilimwuliza mvuvi mmoja asubuhi, "Unakwenda wapi, utarudi na nini?" akatupa kasia chini, akarudi kulala, siku nzima imeharibika, ukoo wake wote wakanitazama. Nilioga saa mbaya mbele ya mitumbwi kumi na mmoja. Niliwaamkia wanawake wa ufukoni kwa kuchutama na makofi, wakadhani nawafukuzia ndege kwenye dagaa zao, wakanishukuru, wakanipa kazi hiyo. Ndivyo nilivyopata ajira. Wanunuzi wa Chala, watu wa juu kama mimi, walipokuja, wasije wakanitambua, nilijilaza chini ya nyavu mpaka waondoke.

Mawaidha yote niliyokupa ni ya Kirando. Na yamefanya kazi Hungaria! Mzee wa watu amelia kwa ajili ya mashavu ya samaki! Nimecheka hapa peke yangu, kisha nikakumbuka kwamba watu wema walinyanyua glasi kwa jina langu, nikaona vibaya, kisha nikacheka tena.

Na Bibi yako Fransiska hakuwa na kikohozi hata siku moja. Alikuwa binti wa Kirando, alikuwa anakausha dagaa hatua thelathini kutoka nilipokuwa naandika. Alinisahihishia theluji. Aliniambia, "Umeandika imeanguka Julai, huyo Polikarp amesema Desemba." Kila niliposimulia Hungaria mbele yenu alitoka kwenda kucheka nyuma ya jiko. Alikufa na siri yangu, na alikufa akitabasamu nayo.

(Vitus ameingia. Jovina amempa simu asome. Amesoma amesimama. Ametazama kibao pale mezani, chenye shati la mteja juu yake, muda mrefu. "Sasa, Baba, hili jiwe?" Nikamwambia, "Lina upande wa pili." Akauliza, "Tuandike nini?" Nikamwambia aandike KIRANDO 1965–1968, ALIFUKUZA NDEGE. Alitaka kununa, mdomo ukamshinda. Anacheka uani sasa, anajifanya anawaita nguruwe. Na ameshajua habari ya tiketi, nisamehe. Amesema nikuambie kuku walikuwa wazee, parokia haiwadai.)

Sasa nisikilize. Sikwambii ubaki. Sikwambii urudi. Nakwambia jambo moja tu, la kushukia Dar kwa rafiki na kusema bado uko huku. Hilo usilifanye. Hilo nalijua, nina miaka mitatu ya masomo yake. Mama yangu aliumwa mwaka 1967, mimi nikiwa siku moja ya lori kutoka kitandani kwake, nikamwandikia pole kupitia Debrecen. Ilimfikia baada ya wiki tisa. Alikuwa ameshapona, Mungu ni mwema, lakini wiki hizo tisa sijazisahau. Ukirudi, rudi Pito, mchana, kwa mlango wa mbele, na masanduku yako. Vitus atakupokea stendi ya Sumbawanga. Nitachutama na kukupigia makofi, na Jovina atanisaidia kuinuka. Na ukibaki, baki kwa sababu ulezi umeota na mtihani unarudiwa na kuna bibi wa vitunguu anayekutafuta Jumanne. Usibaki kwa sababu ya picha ya ukutani. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukutazama kutoka kwenye ukuta ule.

Jovina anasema simu inakaribia kuisha chaji. Basi swali lako. Umeniuliza nilirudi mwezi wa ngapi, ili ujue kama umenizidi.

Niliagwa kwa ng'ombe mmoja na mitungi tisa ya pombe ya ulezi. Tuliteremka Kirando, mimi na Polikarp, tupande meli kwenda Kigoma, tukachukue treni, tukachukue ndege. Nilikuwa nimevaa sweta aliyonifumia mama, katika joto lile. Meli ilitia nanga mbali kidogo, abiria wakawa wanapelekwa kwa mitumbwi. Polikarp alipanda wa kwanza. Nikamwambia, "Tangulia, nakuja na wa pili." Maji niliyokuwa nimeyazoea mimi ni ya ndoo. Ulipokuja mtumbwi wa pili nilivua viatu. Ulipokuja wa tatu nilifanya ishara ya msalaba. Msichana aliyekuwa anageuza dagaa mchangani akaniambia, "Wewe wa juu, unapanda au unabariki?" Huyo ni Bibi yako, na ndilo neno lake la kwanza kwangu.

Wa nne ulikuwa wa mwisho. Nikatia mguu wa kulia. Mtumbwi ukayumba. Nikautoa. Meli ikapiga honi mara mbili, Polikarp akapunga kofia mpaka akawa mdogo kama punje, na mimi nikabaki pale nimeshika viatu, nikiwaza ng'ombe na mitungi tisa.

Umenizidi tangu siku ya kwanza, Bertilla. Sikurudi mwezi wowote, kwa sababu sikuondoka. Hungaria yangu yote ni mguu huo mmoja, na hata kulowa haukulowa.